Theluthi ya Kukiri

Miaka thelathini na moja nilipima vifurushi
katika posta ya Redruth,
na mizani yangu haikuwa na shemeji wala jirani:
gramu ikizidi, stempu inaongezwa.
Kwa hiyo sikushangaa leo, mahakamani Truro,
jaji alipofungua mwongozo wake
akaanza kumjumlisha mtu.

Amevunja usiku. Mwenye nyumba alikuwamo, amelala.
Tuanzie miezi thelathini na sita.
Ana makosa mawili ya nyuma, duka la sigara na gereji:
ongeza tisa.
Ameandika barua ya majuto
(mwandiko wa kuku; jaji aliisoma mara mbili):
toa mitatu.
Amekiri siku ya kwanza, hakutuchosha:
toa theluthi.

Nilifika ishirini na nane kabla yake,
vidole vikihesabu ndani ya mfuko wa koti.

Jory Hocking amesimama nyuma ya kioo
na tai ya kuazima, shingo bado ya kitoto.
Mama yake yuko safu moja nami,
viti vitatu vitupu katikati yetu,
peremende mdomoni, haitafuni.

Maelezo yangu yalisomwa na wakili,
sauti yake safi kama sahani ya hoteli:
kwamba sasa nalala taa ya ukumbini ikiwaka,
kwamba mlango wa nyuma naukagua mara nne,
kwamba simu iliyoibwa, thamani yake pauni kumi na tano,
ilihifadhi sauti ya marehemu Denzil:
Niko njiani, Loveday. Injika birika.

Lakini liko jambo sikuliandika.
Asubuhi ile polisi walitafuta nyayo, hawakuona hata moja,
ingawa bustani ilikuwa tope tupu.
Kijana alivunja kioo, akapenyeza mkono, akafungua kitasa,
kisha akajipangusa viatu kwenye mkeka wangu.
Vizuri. Kisigino na ncha.
Tope lote lilikuwa pale.

Nani alimfundisha?
Nikamtazama yule mama na peremende yake.

Na hilo, mheshimiwa, linaongezwa au linatolewa?
Anayejua nyumba ni nyumba
na bado anaingia,
kosa lake ni zito zaidi, au ni jepesi?
Hakuna aliyeuliza. Nami nilikuwa nimekwisha kutia sahihi.

Walipomteremsha ngazi, mama yake alinyanyua mkono,
akaushusha kabla haujawa kuaga.

Nilimuuliza karani kielelezo namba saba kitarudi lini.
Muda wa rufaa ukiisha, mama. Siku ishirini na nane.
Tarakimu ileile, nikasema.
Hakunielewa. Alikuwa ameshika faili lingine.

Betri imekufa tangu Novemba.
Sijui kama sauti ingali ndani.

Basi lilinishusha kwenye mvua.
Tangu Novemba naingia nyumbani kwa kuuruka ule mkeka,
mimi, miaka sabini na minne, na magoti haya.
Leo pia nimeuruka.