Sufuria Namba Kumi

Stoo yetu ya Isevya ina mlango usiofunguka wote.
Miaka kumi na saba tumeingia kiubavu,
tukatupa kitu, tukafunga haraka
kabla cha juu hakijatuangukia.

Leo nimejifunga kanga kiunoni.
Nimemwita Shija wa mizani na mkokoteni,
anunuaye chuma, shaba, betri zilizokufa,
nikamwambia: leo sina huruma na kitu.

Vikatoka.
Mifuniko kumi na minne, sufuria zake sizioni.
Pasi ya mkaa iliyopoteza jogoo.
Chupa ya chai isiyotunza hata uvuguvugu.
Feni ambayo marehemu aliahidi kuitengeneza Jumapili;
Jumapili ipi, hakusema.
Buti za reli, zote mbili za kushoto.
Ndoo tatu zenye matundu, moja ndani ya nyingine,
kana kwamba tundu juu ya tundu ni ndoo nzima.
Chandarua kilichochanika, tukasema kitafunika vifaranga;
vifaranga tumekula, na vilembwe vyao.

"Kitafaa." Hiyo ndiyo ilikuwa dua ya nyumba hii.
Kitafaa mvua ikija. Mvua ikaja.
Kitafaa mgeni akija. Mgeni akaja, akalala, akaondoka,
nasi hatukukumbuka tulikiweka wapi.

Shija akapima. Kilo tano. Kilo kumi na mbili na robo.
Robo alitaka kuimeza, nikamtazama, akaitema.
Vumbi likanipanda puani, nikapiga chafya
mpaka ng'ambo ya ukuta mtu akasema,
"Pole, Mama Siwema!"
Ni Kalunde. Daima ni Kalunde.

Chini kabisa, chini ya turubai la matanga,
sufuria.
Namba kumi. Nikaigeuza.
Rangi nyekundu, mkono wa haraka: K.M.

Nikakaa juu ya ndoo mbovu.

Kalunde Mihambo. Aliniazima nilipomwoza Siwema.
Akaja kuiulizia, nikaapa.
Sikusema tu, niliapa, kiganja juu,
mbele ya mjumbe na wanawake wote wa kikoba:
nimeirudisha, labda umemwazima mwingine ukasahau.
Na baada ya wiki mbili ni yeye aliyeomba radhi.
Alileta asali ya Sikonge, chupa ya lita.
Niliipokea. Nikaila na mkate.
Hata chupa yenyewe hii hapa, nimeitunza.
Itafaa.

"Na hiyo, mama? Nzito hiyo, nzuri."
Shija keshanyoosha mkono, ndoano inaning'inia.
Ingekuwa rahisi. Kilo mbili na nusu, basi,
ikayeyushwe huko mbali,
iwe miiko ya watu nisiowajua.
"Haiuzwi," nikasema. "Si yangu."
Maneno mawili tu. Yangetoka siku ile,
yangenigharimu nini?

Nimeisugua kwa majivu na mchanga
mpaka nimejiona humo, pua pana, macho mbalimbali.
Herufi sikuzigusa.

Sasa nipo jikoni na gunia la mchele wa Nzega,
maana chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Kibaba kimoja. Viwili. Natikisa, naongeza.
Vibaba vingapi vinafunika kiapo?
Shija ameondoka, mkokoteni ukilia kwa uzito wetu.
Mlango wa stoo umefika ukutani, mara ya kwanza,
na humo ndani kuna mwangwi,
nikikohoa, nao unakohoa.

Naipakata sufuria tumboni, navuka mtaro.
Maneno niliyoyapanga njiani
yameisha kabla ya kizingiti.
"Hodi."
"Karibu! Nani?"
Mkono umechoka.
Mchele unamwagika, punje mbili, punje tano,
kuku wake wameshauona.