Viatu vya Kiroba

Miaka minane nimeutazama mlima huu
kupitia dirisha la ofisi ya ardhi, ghorofa ya pili,
nikigonga mihuri kwenye ramani zake,
na sijawahi kuukanyaga.

Leo saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
tuko saba chini ya mikaratusi,
pumzi zetu zinafuka kama vyungu vya makande.
Subilaga Mwashilindi, anayetuongoza,
koti la mtumba la Mwanjelwa limemwishia juu ya kifundo cha mkono,
anamwaga viroba vitupu vya viazi kwenye mwanga wa tochi.
"Kila mtu afunge. Mguu mmoja, kiroba kimoja.
Kamba ipite kisiginoni, fundo lije mbele.
Huko juu kuna sakitu. Raba zenu ni za lami."

Mwalimu wa fizikia akacheka.
Raba zake mpya, zina meno.
Hakufunga.

Tukapanda. Shamba la pareto lilikuwa bado jeusi.
Mbwa wa mtu alitusindikiza mpaka mwisho wa ua wake
akageuka, kama askari aliyemaliza zamu.
Kisha miti ikaisha bila kuaga.

Na hapo,
sijui niseme nini.
Kwetu Muheza weupe ni unga wa muhogo,
ni tui, ni sanda.
Huu haukuwa hata mmoja wa hizo.
Kila unyasi umevaa kioo chake,
mlima mzima umeota mvi usiku mmoja
kama bwana harusi aliyechelewa.
Tukikanyaga, kru, kru,
mtu anatafuna bisi kanisani.

Mwalimu wa fizikia aliteleza mara ya kwanza,
akasema, "Msuguano."
Mara ya pili hakusema kitu.
Mara ya tatu akanyoosha mkono tu,
na Subilaga akatoa kifuani viroba viwili
alivyomtunzia tangu chini.

Alituhesabu kwa kutugusa mabega.
Kwenye jiwe la kwanza, saba.
Kwenye jiwe la pili, sita.

Wa saba ni mimi.
Nilikuwa nimechuchumaa nyuma kule.
Jua lilichomoza upande wa Rungwe
na nilitaka kuona kitu kimoja tu:
kioo kinavyouachia unyasi.
Kinaanzia nchani. Hakidondoki.
Kinakuwa jicho, kinatazama kidogo,
halafu ni maji, na unyasi unainuka
kama mtu aliyeshushiwa mzigo.
Kwenye ramani yangu mahali hapa ni patupu,
mstari mmoja wa kahawia na namba.

Akarudi. Nikajua nitasemwa.
Akachuchumaa naye.
"Nzuri, eh?"
Nikasema nzuri sana.
"Mwaka nilipomaliza la saba
ilishuka mpaka shambani kwa baba.
Asubuhi viazi vyote vilikuwa hivi hivi, vinameta.
Saa nne vikawa vyeusi, kama vimemwagiwa maji ya moto.
Alikuwa ameshanunua viroba."

Akagonga mguu wangu kwa kidole.
"Ndiyo hivyo."

Nikatazama miguu yangu.
Sikujua niiweke wapi.

Kileleni tulikula viazi, vya kuchemsha, kwa chumvi na pilipili.
Jiji lilikuwa chini, mabati yakipigana miale,
wenzangu wakitafuta nyumba zao kwa vidole.
Mimi nilitafuta dirisha. Sikuliona.
Upande wa pili bonde lilienda mpaka likachoka.

Saa tisa tulikuwa tena chini ya mikaratusi,
nyasi zote za kijani, kama hakuna kilichopita.
Subilaga akakusanya viroba,
akavihesabu kama alivyotuhesabu sisi,
kwa kuvigusa.
Kumi na tatu.
Hakuuliza. Alisubiri tu,
akitazama mikaratusi.

Nikakitoa ndani ya koti, kimelowa,
kinanuka udongo.
Akakikung'uta mara mbili.
"Kumi na nne," akasema,
na akakikunja pamoja na vingine.