Kichwa Namba Saba

Mwaka wa tisini na moja, Kariobangi,
Musembi kinyozi alinipa shilingi mia mbili
na ahadi ya kuninyoa bure hadi Krismasi,
nimchoree vichwa tisa ubaoni,
mteja aonyeshe kwa kidole, maneno yasichelewesha foleni.
Vinane nilivinakili kwenye jarida lililopasuka.
Cha saba nilimchora ndugu yangu Shiundu.
Alikaa juu ya debe akitafuna karanga, akanionya:
"Usisahau kovu. Nimeligharamia."
Kovu la juu ya jicho la kushoto,
la mkokoteni wa viazi, Marikiti.

Mwaka uliofuata nikamkuta Dandora.
Brashi nyingine, rangi ya bei ya chini,
lakini ni yeye: kichwa kimeinama kidogo
kama anayesikiliza ugomvi wa majirani.
Nikaingia kulalamika. Mwenye duka akacheka:
"Kizuri chajiuza, bwana."
Kweli kilijiuza.
Bei yake ndiyo sikuiona.

Kisha Kayole. Kisha Huruma, Kawangware,
kisha ukuta wa bati karibu na stesheni ya Githurai.
Mwanagenzi aliyenakili nakala ya nakala
alidhani kovu ni uchafu, akaliacha.
Mwingine akamwotesha masharubu.
Mmoja, Mungu amsamehe, alimpa macho ya buluu.

Shiundu alifariki tisini na sita. Kifua.
Picha yake tuliyokuwa nayo ni ya kitambulisho,
na kitambulisho kiliingia ofisini, hakikutoka.
Mama alipokuja kutoka Butere
hakutaka kuona maghorofa.
Alisema, nipeleke nikamwone.
Tukazunguka vinyozi siku mbili,
yeye akisimama mlangoni, mkoba kifuani:
"Hapa amekonda.
Hapa wamemlisha vizuri.
Huyu sasa ni mjomba wake kabisa."
Vinyozi walidhani anamsaka mtoro.
Wezi wangu wote, mmoja baada ya mwingine,
niliwashukuru kimoyomoyo
na tumbo likinguruma.

Maana sitadanganya, tumbo lilinguruma.
Mwenye nyumba hapokei sifa mwisho wa mwezi.
Kila kichwa kingeniletea shilingi kumi tu,
kumi, bei ya mandazi,
pengine Shiundu angepata dawa mapema.
Hapo ndipo hesabu yangu hukwama kila usiku:
wasingeiba, uso usingeenea;
usingeenea, ningemdai nani hizo kumi?
Na wale vinane wa jaridani,
mama zao niliwapelekea nini?

Juzi kijana mmoja, Gathogo, akanipigia.
Anafungua kinyozi Zimmerman.
Akanitumia picha kwa simu:
"Mzee, unaweza kunakili hii? Ile namba saba hasa.
Wateja wanaipenda."
Masharubu yapo. Kovu halipo.
Nikamwambia, elfu mbili.
"Elfu mbili kwa nakala?"
Nilitaka kumwambia. Neno lilifika kooni, "yangu",
nikaligeuza huku na huku,
likawa kama ufunguo wa nyumba iliyobomolewa.
Tukaelewana elfu moja na mia mbili.

Leo nimeshinda mbele ya ubao wake tangu asubuhi.
Masharubu sikuyachora.
Nimeinamisha kichwa kidogo, kuelekea kwa majirani.
Kisha brashi nyembamba, ile ya nywele tatu,
mstari mmoja juu ya jicho la kushoto.

Gathogo akasogea. "Hapo umekosea, mzee."
"Hilo ni kovu."
"Kwenye picha halipo."
"Lipo."
Akaitazama simu. Akanitazama mimi.
Akaitazama simu tena, akaikuza kwa vidole viwili.
"Sawa, libaki. Lakini utanipunguzia mia."

Nikampunguzia.
Kovu hilo sasa tumeligharamia wawili.