Padi ya Ndani

Otari aliileta Delika yake asubuhi, theluji ingali juu ya paa,
akashuka kabla injini haijanyamaza vizuri.
"Mkwe wangu anakanyaga breki kama anaua nyoka.
Miezi minne, Tsiuri. Padi za miezi minne!"

Sikujibu. Kwanza gari, maneno baadaye.
Nikazunguka, nikisogeza kiganja karibu na kila rimu
kama mama anayepima homa
ya watoto waliolala mzungu wa nne.
Nyuma, baridi. Mbele kulia, vuguvugu.
Mbele kushoto
ilinirudishia mkono wangu.

Barabara ya Ushguli ni shahidi asiyeaminika:
inashuka, inapinda, inashuka tena,
na penye kona mbaya kuna msalaba wa chuma
na picha ya kijana anayecheka.
Huku kila dereva hukanyaga breki. Hata mimi.
Lakini mguu ni mmoja, magurudumu ni manne,
na mguu hauchagui gurudumu la kulichukia.

Jeki. Spana. Gurudumu likalala ubavu.
Nikazungusha diski: robo mzunguko, ikagoma,
ikalia kama kisu kwenye sahani.
Nikaifungua kalipa, nikaitundika kwa waya
isining'inie kwa mpira wake
(baba alinipiga kofi kwa hilo, mara moja, ikatosha),
nikazilaza padi mbili juu ya gazeti.

Ya nje: nene, karibu mpya.
Ya ndani: chuma kitupu,
na chuma kilikwisha kuanza kuandika kwenye diski.
Zimetoka boksi moja, siku moja.

Otari akainama. "Si nilikwambia? Bidzina huyo—"
"Ungekuwa mguu wa Bidzina zingeliwa zote,
kulia na kushoto, kwa haki."
Haki. Neno kubwa
kwa karakana yenye taa moja.

Pistoni niliisukuma ikarudi bila kinyongo.
Mpira wa mafuta haukuvimba wala kupasuka.
Zikabaki pini mbili ambazo kalipa hutelezea
ili ibane ndani na nje kwa pamoja;
ikikwama, ya ndani hubeba mzigo wote
na ya nje hukaa ikitazama.
Pini ya juu ilichomoka kwa vidole.
Ya chini niliing'ang'ania kwa koleo,
nikatukana kwa Kisvani, nikatubu kwa Kigeorgia,
ikatoka na raba yake, imevimba
kama mdomo ulioumwa na nyuki.

Na juu ya pini, grisi ya manjano.
Grisi ya bearingi, inayotafuna raba.
Grisi ya kopo langu, la rafu ya pili,
kwa sababu Oktoba ile ya silikoni ilikuwa imeisha,
na Zugdidi ni mbali,
na Otari alikuwa na wageni wanaosubiri na mabegi yao,
na mimi nikasema moyoni itafaa tu, mwezi mmoja.

Otari alikuwa bado anasema.
Kwamba funguo hampi tena. Kwamba Pasaka wasije.
Kwamba binti yake hajapokea simu wiki mbili,
na kosa la nani?

"Langu," nikasema.
Nikamwonyesha pini. Nikamwonyesha kopo.

Aliitazama pini muda mrefu
kwa kitu kilichozidi kidole kidogo tu.
Hakunifokea. Ningependa angefoka.
Akatoka nje, akasimama kwenye theluji, mgongo kwangu,
simu sikioni. Maneno sikuyasikia;
niliona tu mvuke wa pumzi yake,
vipande vifupi, halafu kimya, halafu kimoja kirefu.

Nikasugua tundu mpaka likang'aa.
Raba mpya, grisi yake, padi nne, diski mbili, za kwangu.
Nikaisukuma kalipa kwa kidole: ikaenda, ikarudi.

Kopo la manjano sikulitupa.
Bado linafaa kwa bawaba za mlango.
Nimeliandika kwa rangi nyekundu, pande zote:
SI BREKI.