Ini la Burma

Kila Jumanne, kabla ya saa moja,
nanunua ini la mbuzi soko la Burma.
"Lisiguswe na kisu," namwambia Kisilu,
naye hucheka: bucha gani hii
mteja anaogopa kisu?

Leo nimemweleza.
Kwamba kule Chiromo, ghorofa ya chini,
tuna nuru isiyoonekana,
inapita ndani ya uzi mwembamba kama unywele,
na ncha yake, ndogo kuliko punje ya mtama,
huyatafuta maji yaliyo ndani ya nyama
ikayachemsha, nyama ikaachana
kabla jirani yake hajapata habari.

Sikumwambia kuhusu Alhamisi,
stima ilipopotea katikati ya mkato,
wala uzi wa nne kuvunjika,
wala Profesa Amukoa kunusa chumba na kuuliza
nani anachoma nyama bila kachumbari.

Kisilu akafuta kisu kwenye aproni.
"Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama," akasema.
Chetu, nikamjibu, hakili.

Akanyamaza. Akapandisha shati:
kovu, toka ubavuni hadi karibu na kitovu,
nene kama kamba ya katani.
"Jiwe lenyewe lilikuwa hivi,"
akanionyesha ukucha wa kidole cha mwisho.

Kisha akapima ini, zima,
akaongeza figo juu ya mizani.
"Hiyo usinilipe. Jaribuni na hiyo."

Nimefika. Figo iko kwenye sahani.
Navaa miwani.
Hakuna cha kuona bado,
ila moshi mdogo, kama pumzi asubuhi ya Julai.