Ampli ya Kilo Nne

Kadutu, kwenye meza ya fundi Mushagalusa,
kati ya pasi zilizoungua na redio zisizo na mgongo,
ampli mbili zilikaa zikitutazama.

Kubwa ilikuwa nyeusi, kona zake za chuma,
spika ya inchi kumi na mbili,
dola mia na kumi, mwisho mia.
Nikachomeka gitaa, nikagusa uzi wa chini:
bilauri za muuza chai wa jirani zikaitika.
Cirhuza akafumba macho.
Mimi nikaliona jina langu ukutani, limeandikwa kwa rangi.

Ndogo, sijui nisemeje.
Kisanduku cha mbao za mkaratusi,
mpini wake mkanda wa begi la shule,
spika yake ya gari lililoanguka Ngomo
(kila spika ya Kadutu, ukiuliza,
imetoka kwenye gari lililoanguka Ngomo).
Sauti ilipitia puani
kama mtu mwenye mafua anayesoma matangazo ya kanisa.
Dola arobaini.

"Kubwa," tukasema, wote kwa mdomo mmoja.

Fundi hakubisha.
"Ibebeni kwanza mpaka kwa Nabintu, kisha mrudi nayo.
Gitaa nitawalindia."

Kwa Nabintu ni ngazi tupu:
udongo mwekundu, mifuko ya mchanga, mfereji katikati.
Mji huu hupimwa kwa magoti.
Hatua ya arobaini, mpini ukanikata kidole,
kile kile cha kukandamizia nyuzi.
Hatua ya sabini, Cirhuza akaikalia
akaniuliza Nyabibwe ni kilomita ngapi.
Nabintu alichungulia, akacheka,
akatupa maji; pole hakutupa.

Dukani ndugu yangu, sikio ndilo msemaji.
Sikio limeketi, halijabeba kitu.
Liulize bega. Liulize goti.
Muulize na mwenye boti, maana kwake
kilo kumi na tisa hulipiwa nauli kama mtu,
na mtu huyo hasaidii kushusha mizigo.

Tukanunua mafua.

Nyabibwe, harusi ya binti wa mchuuzi wa kahawa.
Jenereta lilikohoa mara mbili, likanyamaza.
Mwenye muziki wa sahani, na spika zake ndefu kama makabati,
akakunja mikono.
Sisi tukaweka kisanduku juu ya kreti la bia,
mgongo wake karibu na ukuta:
ukuta haudai malipo na huongeza besi.
Sauti ya Cirhuza na gitaa langu, tundu moja,
zikisukumana kama watoto kitandani.
Watu wakacheza. Si wote. Waliokuwa karibu.

Kumbe fundi alikuwa ameweka pia kitundu cha kuchajia simu.
Shangazi wa bibi harusi akakiona kabla yangu.
Kufikia wimbo wa nne simu sita zilikuwa zinanyonya,
na gitaa likawa linanong'ona,
kisha likawa mbao na nyuzi tu.

Ndipo Akonkwa, dereva wa pikipiki, ambaye hata hakualikwa,
akafungua kiti, akachomoa betri yake.
Volti kumi na mbili. Sawasawa na yetu.
Hilo hatukuwa tumelipima pale mezani;
tulibahatisha tu,
lakini sasa nalisema kama mtu aliyesomea:
nunua kinachokula chakula cha pikipiki,
maana pikipiki hazikosekani popote.

Alfajiri pikipiki ikagoma kuwaka.
Tuliisukuma watatu, na suti zetu za kukodi,
mpaka mteremko ukatuhurumia.
Akonkwa bado ananidai wimbo mmoja na betri.

Kubwa ingali Kadutu. Imeshuka hadi tisini.
Nikipita hapo hujifanya natafuta pasi.
Na jioni nyingine, katikati ya wimbo,
nagusa uzi wa chini
na bilauri zote mezani zinabaki kimya.