Yadi ya Kabatini

Mchana nahesabu magari ya watu.
Meli ikifungua kinywa pale gatini
yanatoka moja moja, taa zimefumba,
nami na kalamu na kizibao cha kung'aa
naandika chasisi, rangi, mkwaruzo,
kioo cha pembeni kilichovunjika safarini.
Juzi yalikuwa mia nane na kumi na mawili.
Hakuna hata moja lililoniuliza jina.

Jioni napita Mchikichini,
penye turubai la Shomvi,
marobota ya vitu vya watoto wa mbali
yanapomwagwa chini kama dagaa:
wanasesere wasio na macho, treni bila reli.
Nachuchumaa, nazamisha mkono hadi kiwiko.
Sitazami. Plastiki ni nyepesi, ina kelele.
Chuma kinanyamaza,
kinakaa chini ya vyote, kama deni.

Ukikigusa unajua.
Baridi kwanza, kisha kinaazima joto la kiganja
na hakina haraka ya kulirudisha.
Mlango unafunguka kwa ukucha,
magurudumu ukiyapuliza tu yanakwenda,
na tumboni, kwa herufi ndogo kama sisimizi,
imeandikwa nchi iliyokizaa.
"Jero," nasema.
"Buku," anasema Shomvi. "Kwani dada una watoto wangapi?"
"Sitini na watatu."
Akacheka mpaka akanipunguzia.

Kwangu Buguruni, nyuma ya kioo cha kabati,
pale wenzangu wanapopanga
vikombe vya wageni vyenye maua ya dhahabu,
mimi nimeegesha.
Wageni wangu hunywa chai kwenye plastiki
wakilitazama gari la zimamoto, trekta lisilo na usukani,
teksi nyeusi ya mji nisioujua,
Land Rover ya kijani iliyobabuka pua.
Mama Tulinagwe wa chumba cha pili alisema:
"Haba na haba wewe umejaza upuuzi."
Kisha akaomba kuishika ile Land Rover.
Aliishika sana.
Alipoirudisha aliiingiza kinyumenyume, taratibu,
shingo kaigeuza,
kama mtu aliyewahi kuendesha.
Sikumuuliza.

Kazini Chande ananishauri nichukue mkopo wa ushirika,
ninunue la kweli.
La kweli lina bima, lina faini, linakunywa,
lina foleni ya Tazara.
Usiku umeme ukikatika nafungua kioo,
nayapapasa haya yangu gizani
na kuyataja moja moja kwa mgongo wa boneti.
Sikosei.
Nani pale bandarini anayajua magari hivyo?

Mwezi wa saba nilipata ambulensi nyeupe.
Tumboni, kwa wino uliofifia,
mkono wa mtoto umeandika herufi tatu za Kijapani.
Kesho yake gatini niliwasha gari moja lisogezwe,
likanisalimu kwa lugha yake, sauti ya kike, ya adabu,
na kwenye kibandiko cha kioo
niliiona ile herufi ya katikati. Naapa ndiyo ileile.
Nikasimama.
Huenda mtoto yule alikua, mama akafunga robota;
yeye akanunua gari, likazeeka, akaliuza,
na vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake,
vimepita mkononi mwangu ndani ya siku mbili.
Au sivyo. Nyuma yangu walikuwa wanapiga honi.
"Mkwaruzo, mlango wa kushoto," nikaandika.

Kipo kimoja nilichokikosa:
kigari cha maziwa, cha njano, milango miwili nyuma.
Shomvi alitaka buku mbili.
Nikajifanya naondoka, ili aniite.
Hakuniita.
Nilichelewa kurudi, nikamkuta mwana si wangu.

Rafu ya pili, kati ya trekta na teksi,
nimeacha nafasi, upana wa vidole vitatu.
Kila Ijumaa naifuta vumbi
pamoja na mengine.